Jiwe la Somawathi Kwenye Pete ya Shifana

Cheena Kotte,
Beruwala,
Sri Lanka.
3 Machi, 1979

Mpendwa mdogo wangu Ruzaik,

Asalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Jezima na watoto wote hapo Singapore. Na lile bega lako la kulia, ulienda kwa daktari au bado unajipaka mafuta na kujidanganya? Sisi huku hatujambo. Baba magoti yanamsumbua akipanda ngazi za msikiti, na jicho la kushoto lina ukungu kidogo, lakini anakula vizuri na kugombana vizuri, kwa hiyo najua ana afya. Mimi sina neno, na mume wangu Hilmy bado anafundisha palepale.

Mvua zilichelewa lakini zimekuja. Ule ukuta wa nyuma uliokuwa ukiegemea kwa jirani hatimaye umeanguka, na alhamdulillahi umeanguka upande wetu.

Picha ya posa ya binti yenu Shifana tulipokea. Amekuwa mwanamke kamili, na pua ni ya marehemu Mama, hakuna wa kubisha. Baba ameiweka chini ya kioo cha meza yake ya kazi, kwa hiyo kila dalali anayekuja kuonyesha mawe lazima kwanza amwangalie mjukuu wake na amsifu. Asiyesifu hapewi chai.

Sasa, Ruzaik, kaa chini. Kama Jezima yuko karibu mwambie akae pia. Nina jambo zito, na nitalisema moja kwa moja maana unanijua sijui kuzunguka mbuyu. Ile pete Baba aliyomtumia Shifana, naomba mumvue. Jiwe lililo ndani yake litolewe, apewe Naufer, huyu mtoto wa mwuza dawa aliyekuletea barua hii. Anarudi Beruwala Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Lazima arudi nalo.

Najua zawadi haiombwi. Katika nyumba yetu haijawahi kutokea mtu akatoa kitu kisha akanyoosha mkono kukidai. Ndiyo maana nakuandikia mimi, na ndiyo maana nitakueleza yote tangu mwanzo, usije ukadhani Baba amechanganyikiwa au mimi nina wivu na mtoto wa watu.

Unamkumbuka Somawathi wa Pelmadulla? Labda humkumbuki, ulikuwa umeshaondoka alipoanza kuja. Ni mama wa Kisinhala, mwembamba, ana miaka kama yangu. Kazi yake ni kuchakura changarawe. Wanaume wakishachimba shimo, wakaosha changarawe yao kwenye vikapu na kutoa mawe yao, ile inayotupwa pembeni ni ya yeyote mwenye mgongo wa kuinama. Yeye ameinama miaka thelathini. Anachookota ni chake peke yake, hakuna mgawo na mwenye shimo wala mwenye pampu. Mara mbili kwa mwaka anapanda basi mpaka kwetu, anawapita wanunuzi wote wa Ratnapura, kwa sababu anasema Lebbe Hajiar wa Beruwala hamwibii mtu. Hivyo ndivyo Baba anavyoitwa huko milimani, na alikuwa akilisikia neno hilo anatembea kama tausi.

Mwaka jana mwezi wa saba alikuja na mawe yake yamefungwa kwenye jani la tambuu, kama kawaida. Yalikuwa garneti nyingi za kawaida, yakuti mbili tatu za rangi ya maji, na kokoto moja ya zambarau hafifu, kama maji ya ua la bilinganya. Baba alikuwa na watu barazani, Ami Thassim na madalali wawili. Akaishika ile kokoto, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Spineli." Ikawa imekwisha. Wewe umekulia hapa, unajua Baba akitaja jiwe watu hufunga karatasi zao za mawe, mjadala umekwisha.

Somawathi hakufunga jani lake. Akasema, "Hajiar, hili si spineli. Spineli nimeokota ndoo nzima maishani mwangu. Hili linanitazama vingine."

Madalali wakacheka. Ami Thassim akamwambia, "Mama, jiwe halina macho. Macho unayo wewe, na yamechoka na jua."

Baba naye akacheka, akasema maneno ambayo leo anayajutia kuliko yote: "Hili kama si spineli, basi na mimi si Lebbe." Akamlipa bei ya spineli nzuri, bei ya haki kabisa kwa spineli. Somawathi akazifunga pesa kwenye pindo la sari yake, akanywa chai yake, akaenda zake. Mimi nilikuwepo. Nami nilicheka, Ruzaik. Si kwa sauti, lakini nilicheka.

Ile kokoto ilikuwa na ufa mwembamba, kwa hiyo Baba aliikata vipande viwili kwa msumeno. Kikubwa alikichonga mwenyewe kwa gurudumu la mkono, lile la Babu, siku tisa. Barua yako ya kusema Shifana anachumbiwa ilikuja akiwa katikati ya kazi, akasema basi hili ndilo la mjukuu wangu, sitaliuza. Kidogo akakitupia kwenye kopo la mabaki. Alipomaliza kile kikubwa, alinipa nikipime.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka ulielewe vizuri maana watu wote wanamsema Baba peke yake. Unajua nilienda Colombo miezi sita kusomea kupima mawe. Nikarudi na vioo vyangu viwili vyeusi, vile vya kuwekwa kimoja juu na kimoja chini na taa kwa chini kabisa. Unavizungusha mpaka mwanga wa taa usipite, giza tupu. Kisha unaweka jiwe katikati na kuligeuza. Spineli hubaki giza hata ukiligeuza mpaka Kiama, kwa sababu mwanga ukipita ndani yake hubaki mmoja. Mawe mengine hupasua mwanga ukawa pacha, na hayo ukiyageuza yanawaka, yanazima, yanawaka, yanazima, mara nne kwa mzunguko mmoja.

Lakini hata hayo yenye mwanga pacha yana upande mmoja ambao mwanga haupasuki. Ni kama gogo lililopasuliwa: ukilitazama kichwani unaona miviringo, ukilitazama ubavuni unaona mistari, na gogo ni lilelile. Ndiyo maana mwalimu wangu alitufundisha mpaka tukachoka: jiwe lipimeni kwa pande tatu. Mimi nililipima kwa upande mmoja. Nililiweka kama Baba alivyonikabidhi, uso chini, nikalizungusha mara moja, likabaki giza, nikaandika "spineli" kwenye karatasi nikaikunja. Kwa nini nisumbuke? Baba alikwisha kulitaja. Katika nyumba hii jiwe likishatajwa na Baba halipimwi tena, linaitikiwa tu. Kumbe kwa jicho lake, bila kifaa chochote, alikuwa ameuweka uso wa jiwe pale rangi inapokolea, na pale ndipo ulipo upande uleule usiopasua mwanga.

Basi pete ikatengenezwa, ikaja kwenu mwezi wa Desemba, mkafurahi, nasi tukafurahi.

Mwezi wa Januari nilikuwa nasafisha kopo la mabaki. Nikakiona kile kipande kidogo. Nikasema nikichonge mwenyewe, nipate kijiwe cha kumtengenezea Shifana kishaufu, kiendane na pete. Nikakipitisha kwenye vioo kwa mazoea tu, na kwa kuwa hakikuwa na uso bado, nilikilaza ubavu. Kikawaka.

Nilidhani vioo vina vumbi. Nikavifuta. Kikawaka tena, kikazima, kikawaka. Nikakipima uzito ndani ya maji na nje ya maji, nikapata uzito wa spineli, tofauti yake unywele. Nikachukua lenzi, nikatazama kwa ndani, na ile mistari iliyoachwa na msumeno upande wa pili niliiona imekuwa miwili miwili, imekaribiana sana, lakini miwili. Nikaketi sakafuni. Hilmy aliponikuta alidhani nimeumwa na tandu.

Nilikipeleka Colombo kwa mwalimu wangu, Bwana Wickramanayake. Alikaa nacho wiki tatu. Akaniandikia kwamba ni tafaiti. Jina hilo hata wewe uliyezaliwa kati ya mawe huenda hujalisikia, maana mawe yenyewe yanayojulikana duniani hayajazi kiganja. Ni oksidi, kama yakuti na spineli zilivyo, ila ndani yake kuna magnesi, alumini na kile kiitwacho berili. Ni gumu kuliko kioo na gumu kuliko kwarizi, linazidiwa na yakuti tu na vitu vichache. Rangi ni ya spineli, mng'ao ni wa spineli, uzito ni wa spineli. Tofauti ni ule mwanga pacha basi. Bwana Wickramanayake anasema hata la kwanza kabisa halikutambuliwa ardhini. Mtu mmoja wa Ireland aliliona miaka thelathini na kitu iliyopita, tayari limechongwa, kwenye boksi la spineli kuukuu, akaona mistari miwili mahali palipotakiwa mmoja. Kwa hiyo Baba hajakosea peke yake. Wamekosea masonara wa dunia nzima, na huenda mpaka leo kuna malkia amevaa moja na hajui.

Lakini Somawathi hakukosea.

Kumwambia Baba nilichukua siku mbili. Nilisubiri amalize sala ya alasiri, nikamwekea vioo, taa na kile kipande mbele yake. Akatazama. Akasema, "Geuza." Nikageuza. "Geuza tena." Nilikigeuza mpaka mkono ukachoka. Kisha akavisukuma vile vioo taratibu, akavua miwani akaifuta kwa shati, na mimi nikajua haifuti miwani.

"Mama wa watu aliniambia," akasema. "Aliniambia mbele ya watu, nikamcheka mbele ya watu."

Nikamwambia mimi ndiye niliyepima vibaya. Akanijibu kwa ukali, "Wewe uliniamini mimi. Mimi nilimwamini nani?"

Usiku ule hakula. Asubuhi yake alikula mikate yote miwili, ya kwake na ya Hilmy, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wa mwili wake.

Ami Thassim aliposikia alikuja mbio na msimamo wake mkononi. Unamjua. Akasema biashara ilikwisha pale karatasi ilipokunjwa, muuzaji hakujua, mnunuzi hakujua, basi bahati ni ya aliye nalo, na tangu Cheena Kotte iwe Cheena Kotte hakuna mtu aliyerudisha jiwe. "Kaka, maji yakimwagika hayazoleki."

Baba akamjibu, "Hayakumwagika, Thassim. Yako kwenye kidole cha mjukuu wangu."

"Na kesho atakuja kila aliyekuuzia kokoto tangu zama za Mwingereza, adai upime upya. Utawapima wote?"

"Razeena atawapima. Kwa pande tatu."

Ami alisusa chai, akaondoka. Kwa haki niseme kwamba si mtu mbaya, na hoja yake ndiyo hoja ya mji mzima. Hata imamu alipoulizwa alisema sheria haimlazimishi Baba. Baba akasema asante, hakuuliza kuhusu kulazimishwa.

Jumamosi akaenda sokoni. Mimi siendi kule, wanawake hatukai pale, lakini Hilmy alimfuata nyuma akanisimulia. Baba alisimama kwenye kona ya duka la viberiti, pale mawe yanapotolewa mifukoni, akasema kwa sauti: lile jiwe la zambarau la mama wa Pelmadulla nilisema spineli, nilikosea, ni tafaiti, yeye alisema kweli. Basi. Akageuka kurudi.

Weee, mji ulikesha. Yule Cassim kijana, mwenye mdomo, akamfuata mpaka mlangoni kwetu: "Hajiar, ulisema kama si spineli wewe si Lebbe. Sasa tukuite nani?"

Baba akamwambia, "Niite mnunuzi, kama wewe. Lakini wewe ulipoliona ulisemaje?"

Cassim hakuwa amesema kitu, maana Baba alikuwa amekwisha kusema. Akaondoka na mdomo wake.

Wiki iliyofuata tulipanda basi kwenda Pelmadulla, mimi na Baba na magoti yake. Miaka yote ni yeye aliyetujia, na safari hii Baba alisema ni zamu yetu. Anakaa kwenye nyumba ndogo ya udongo kando ya mpunga, yeye na mwanawe wa kike mwenye watoto wawili. Alitukaribisha, akatupa chai kavu na kipande cha sukari guru cha kutafuna pembeni. Baba akamweleza yote, bila kupunguza. Nilitegemea afurahi, au alie. Alikasirika, Ruzaik. Nilimwona anavyokasirika kuanzia mikononi.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba najiambia, Somawathi, umezeeka, macho yamekufa, acha kazi. Niliacha. Kuanzia siku ile sijaenda kwenye changarawe. Mliniambia macho yangu yamechoka, nikawaamini."

Kisha Baba akafanya jambo ambalo lazima ulijue, lisije likakufikia kwa mdomo wa mwingine. Alitoa ile yakuti samawi ya marehemu Mama, ile kubwa, akaiweka mkekani. Akamwomba aichukue badala yake, ili Shifana asivuliwe pete. Alikuwa anajaribu kukuepusheni na haya ninayokuandikia. Yakuti ile ni nzuri, mtu yeyote angeipokea kwa mikono miwili.

Somawathi hata hakuigusa. "Hiyo nani kaiokota?" akauliza. Baba akasema ni ya mkewe. "Basi mpe mjukuu wake," akasema. "Mimi nataka langu. Nataka niliuze mimi, kwa jina lake, na watu waone ni nani aliyeliokota."

Ndipo tukajua na habari ya kiwanja. Ile ardhi si yake, yeye ni mpangaji tu. Mwenye ardhi anataka kuuza, amepata mnunuzi wa kutoka Ratnapura anayetaka kuchimba shimo palepale uani. Amempa Somawathi mpaka mwaka mpya wao, katikati ya Aprili, akinunue yeye. Akishindwa, anatoka yeye na binti na wale watoto. Bwana Wickramanayake amemtafutia mnunuzi wa jiwe, watu wa makumbusho, lakini hawanunui kwa maneno, wanataka jiwe mezani. Kile kipande kidogo tulishampa siku ileile, lakini kina ufa na wenyewe wanasema hakitoshi hata kuanza mazungumzo.

Kwa hiyo sikia namna ya kufanya. Sonara asitumie moto. Zile kucha nne za dhahabu zifunguliwe kwa kibano, zikiwa baridi, polepole. Asijaribu kuling'arisha, asilikwangue pembeni "kulisafisha", na asikushawishi kulichonga upya. Lifungeni kwenye pamba, kisha kwenye karatasi, kisha Naufer alivae shingoni ndani ya shati. Yeye amekuleteeni yakuti ya Mama ndani ya kopo la poda ya mwarobaini. Tafadhali msiitupe poda kabla ya kuangalia. Ukubwa wake ni karibu sawa, itakaa kwenye pete ileile, na sonara mzuri ataiweka kwa siku moja. Mwambieni Shifana bibi yake alivaa jiwe lile siku ya ndoa yake. Ni kweli tupu, nami nilikuwa namwonea wivu tangu nikiwa na miaka sita.

Najua Jezima atasema nini. Atasema wakwe wameshaiona pete ya zambarau, sasa tuwaambie nini wakiona ya bluu. Wifi yangu mpendwa, waambieni kweli. Kama ni watu wa kuikimbia familia kwa sababu imerudisha jiwe la mtu, ni heri wakimbie sasa kabla ya biriani kupikwa.

Utaniuliza kwa nini hatukupiga simu au kuandika mapema, maana safari ya Pelmadulla ilikuwa wiki mbili zilizopita. Ni Baba. Kila siku aliniambia, "Subiri, nitamwandikia mwanangu mwenyewe." Kila siku alichukua kalamu akaandika "Mwanangu Ruzaik," akaishia hapo. Nimezikuta karatasi tano. Hajui kukuomba. Katika maisha yake yote ya uzazi amekupa tu, na kwa kweli wewe ulikuwa mpokeaji hodari.

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwa Hilmy, na kwa shangazi Ummu Kulthum ambaye bado anauliza kama Singapore kuna nazi. Ami Thassim naye anakusalimu. Amerudi kunywa chai jana, akaniletea kokoto zake mbili nimpimie. Msalimie sana wifi Jezima, nibusie Shifana na wadogo zake, na mwambie Shifana kwamba kama ana hasira, anikasirikie mimi wala si babu yake. Mungu awalinde, awape ndoa yenye heri na nyumba isiyokosa mchele.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo asubuhi, nikijiambia nitampa Baba aisome kwanza. Lakini kuna jambo limetokea leo saa nne, na sasa simpi tena, naifunga.

Somawathi amekuja. Hakuja peke yake, amekuja na mwenye ardhi, mzee mmoja wa kofia, amesafiri naye basi zima. Yule mzee kapata fununu kwamba mama huyu ana jiwe la ajabu, lakini hataki kungoja jiwe asiloliona, na yule mnunuzi wa Ratnapura amemwahidi fedha wiki hii. Walikaa barazani. Somawathi akamwuliza Baba mbele yake, "Hajiar, jiwe langu liko wapi?"

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilijua atasema bado, mwanangu hajajua. Baba akasema, "Mwanangu ameshalitoa kwenye pete. Liko njiani."

Yule mzee akamtazama Baba, akavaa kofia yake. Akasema kama Lebbe Hajiar amesema liko njiani, haandiki karatasi wala hataki shahidi, atamngoja Somawathi mpaka mwaka mpya na mnunuzi wa Ratnapura atamrudisha. Akanywa chai yake akasifu picha ya Shifana. Somawathi alimshika Baba mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya. Wakaondoka.

Baba amebaki amekaa palepale. Nimemwita kula, hakuja. Niliposogea aliniambia, bila kunitazama, "Razeena, nina miaka sabini na minane. Jiwe nimewahi kukosea. Uongo sijawahi kusema." Kisha akaniambia nikuandikie.

Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu, nawe unaujua urefu wake kwa siku: mpaka Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Mvue mtoto pete leo, kabla hujamaliza kuikunja barua hii, ili alichosema Baba kiwe kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Razeena